Ombaomba na wasio na makao: Sheria inawapa nini na inawanyima nini

MTOPANGA, ambayo ni moja kati ya wadi saba za eneo bunge la Kisauni, si mahali pa kwanza panapotajwa watu wanapozungumzia ombaomba na familia za kurandaranda mitaani katika Kaunti ya Mombasa. Sifa hiyo ni ya kisiwani, katika vibaraza vya maduka, milangoni mwa misikiti na kandokando ya barabara kuu. Hata hivyo, kila unapofanywa msako kisiwani, wanaofukuzwa hawatoweki duniani. Wengi huvuka Daraja la Nyali na kurudi bara, katika mitaa kama Mtopanga, Bamburi na Kongowea, na siku chache baadaye huonekana tena kisiwani.

Misako ya aina hiyo imezoeleka kiasi kwamba wananchi wengi huamini kuomba ni kosa la jinai, na kwamba mtu asiye na makao anaweza kukamatwa kwa kuwa tu hana makao. Makala haya yanaeleza sheria zenyewe, asili yake, yale ambayo mahakama za Afrika na kwingineko zimeamua, na haki alizo nazo mtu anayekamatwa.

Asili ya sheria za uzururaji

Sheria za kuwaadhibu wazururaji hazikuzaliwa Afrika. Mwaka 1349, baada ya tauni kuua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza, watawala wa nchi hiyo walitunga amri iliyowalazimisha watu wenye nguvu kufanya kazi kwa ujira wa zamani. Amri hiyo ilikataza pia kumpa sadaka ombaomba mwenye uwezo wa kufanya kazi. Lengo halikuwa kuwasaidia maskini bali kuhakikisha kwamba wenye mashamba hawakosi vibarua.

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji, wakati ambapo askari wengi waliorejea kutoka vita dhidi ya Napoleon walikuwa hawana kazi wala makao. Sheria hiyo iligawa watu katika makundi, wakiwemo wale walioitwa wavivu na wakorofi, na wale walioitwa walaghai na wazururaji. Maneno hayo ndiyo yaliyosafirishwa hadi makoloni, na yakaingizwa karibu neno kwa neno katika sheria za adhabu za Kenya, Uganda, Tanganyika, Malawi na nchi nyingine nyingi.

Katika pwani yetu, sheria ya uzururaji ilifika mkono kwa mkono na ukombozi wa watumwa. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar ya Aprili 6, 1897, iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba, ilimtaka kila aliyeachwa huru aonyeshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Aliyeshindwa kufanya hivyo angeweza kutangazwa kuwa mzururaji. Kwa maneno mengine, mtu aliachwa huru asubuhi na kutakiwa jioni aeleze amelala wapi na anafanya kazi kwa nani. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, ambao ulikuwa milki ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, hadhi ya utumwa iliondolewa mwaka 1907.

Historia hiyo haiko mbali na Mtopanga. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye eneo hilohilo la bara ya kaskazini, ndipo wamishonari wa Kianglikana walipoanzisha mwaka 1875 makazi ya Frere Town kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Kengele iliyowekwa hapo ndiyo iliyoyapa maeneo ya jirani jina la Kengeleni. Watu hao walipewa uhuru, lakini wengi wao, pamoja na Wamijikenda waliolima bara ya Mombasa, hawakuwa na hati za ardhi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani walete madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa hawajui kusoma, au hawakupata habari, walijikuta maskwota katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Tatizo la watu kutokuwa na mahali panapotambuliwa kisheria kuwa pao, kwa hiyo, ni la kale kuliko jiji lenyewe tunaloliona leo.

Kutoka kipande hadi mageuzi ya 1997

Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitumia sheria za uzururaji pamoja na kipande, kitambulisho ambacho Waafrika wanaume walilazimishwa kubeba kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kudhibiti nani aingie mjini na nani arudishwe kijijini. Mji ulihesabiwa kuwa mahali pa mtu mwenye mwajiri. Asiyekuwa na mwajiri alikuwa mtuhumiwa.

Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika nchini mwaka 1930. Kifungu cha 182 kilihusu watu wavivu na wakorofi, na kifungu cha 183 kilihusu walaghai na wazururaji. Chini ya kifungu hicho cha pili, mtu aliyeshukiwa na ambaye hakuwa na njia ya riziki inayoonekana, wala hakuweza kujieleza vyema, aliweza kufungwa. Kando ya vifungu hivyo kulikuwa na Sheria ya Uzururaji, Sura ya 58, iliyobaki vitabuni kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru. Uhuru ulibadilisha bendera, lakini maskini wa mjini aliendelea kuulizwa maswali yaleyale.

Sheria hiyo ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997, kufuatia makubaliano ya wabunge wa vyama vyote yaliyojulikana kwa kifupi kama IPPG. Makubaliano hayo yalilenga hasa kupanua uwanja wa siasa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo, na sheria nyingine kandamizi za kikoloni zilifutwa au kurekebishwa kwa pamoja. Kifungu cha 183 nacho kiliondolewa katika Kanuni ya Adhabu.

Maana yake ni kubwa, ingawa haikutangazwa sana. Tangu wakati huo, kutokuwa na kazi, kutokuwa na nyumba au kutembea usiku bila shabaha si makosa ya jinai nchini Kenya.

Kifungu kilichobaki

Kifungu cha 182 hakikufutwa pamoja na mwenzake, bali kilirekebishwa. Kwa maneno yake yaliyorekebishwa, kosa linalohusu kuomba ni kumsababisha, kumshurutisha au kumhimiza mtu mwingine kuomba au kukusanya sadaka. Anayelengwa, basi, ni yule anayemtuma mwenzake kuomba, wala si mzee anayeketi mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa na kunyoosha mkono wake mwenyewe.

Kifungu hicho kinataja pia anayecheza kamari isiyoruhusiwa hadharani, anayefanya vitendo vya aibu mahali pa umma, na anayejiendesha kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Adhabu ya kosa la kwanza ni kifungo cha mwezi mmoja au faini isiyozidi Sh100, au vyote viwili. Kosa la kurudia linaweza kuleta kifungo cha mwaka mmoja.

Faini ya Sh100 ni ndogo mno, lakini wanaosimamia kesi hizi wanajua kwamba gharama halisi haiko katika faini. Iko katika usiku wa seli, siku za kazi zilizopotea, na vitu vilivyochukuliwa wakati wa msako visirudishwe. Aidha, kifungu kinachozungumzia kuvuruga amani ni kipana sana. Ombaomba asiyeweza kushtakiwa kwa kuomba anaweza kushtakiwa kwa ukorofi, na mara nyingi hukiri kosa ili ayamalize mapema.

Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa mwaka 2017 chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, NCAJ, ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya kesi zilizopitia mfumo huo zilihusu makosa madogomadogo. Hizi ni kesi za ulevi, ukosefu wa leseni ya biashara, kuleta kero na mengine ya aina hiyo. Wanaonaswa zaidi katika wavu huo ni watu wa kipato cha chini, na ndiyo sababu wapo wanasheria wanaotaka makosa hayo yashughulikiwe nje ya magereza.

Mamlaka ya kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la kudhibiti kero za umma. Hapo ndipo askari wa kaunti hupata mamlaka ya kuondoa takataka, moto wa barabarani, vibanda visivyoruhusiwa na vizuizi vya njia. Kaunti inaweza kutunga sheria zake kuhusu mambo hayo, lakini sheria hizo haziwezi kupingana na Katiba.

Tofauti hii ni muhimu. Kaunti ina haki ya kusema kwamba njia ya waenda kwa miguu isizibwe. Haina haki ya kusema kwamba mtu fulani asionekane mjini kwa sababu ya umaskini wake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi, cha 28 kinalinda heshima ya binadamu, na cha 39 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea. Raia wa Kenya ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini.

Ndiyo maana tukio la Februari 2019 lilizua ghadhabu nchini. Watoto wa mitaani walichukuliwa mjini Nakuru usiku na kutelekezwa katika msitu wa Chemasusu, Kaunti ya Baringo, mahali penye baridi kali na mbali na mji. Hakuna sheria ya Kenya inayoruhusu mtu kubebwa kwa gari na kutupwa katika kaunti nyingine.

Watoto na biashara ya kuombesha

Kwa watoto, sheria inachukua mkondo tofauti. Mtoto anayepatikana akiomba hahesabiwi kuwa mkosaji bali mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Huo ulikuwa msimamo wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na msingi huo uliendelezwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake. Mtoto wa aina hiyo anapaswa kufikishwa kwa afisa wa watoto na katika mahakama ya watoto, ambayo kwa Mombasa iko Tononoka. Mwananchi anayeona mtoto akiteswa au kuombeshwa anaweza kupiga simu nambari 116, ambayo haina malipo.

Sheria ni kali zaidi kwa wanaofanya kuomba kuwa biashara kwa kutumia miili ya wengine. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Mwaka 2022, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa uchunguzi kuhusu watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kutoka Tanzania na kuombeshwa katika barabara za Nairobi, huku fedha walizopewa zikiishia mikononi mwa waliowaleta.

Uchunguzi huo ulionyesha udhaifu wa misako ya kawaida. Anayekamatwa kwanza ni yule aliye kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa ndiye anayeonekana na hawezi kukimbia. Anayemsukuma asubuhi na kuhesabu fedha jioni husalimika. Sheria imemlenga wa pili, lakini mkono wa msako humfikia wa kwanza.

Wanaolala nje

Kuhusu makazi ya muda, yaani vibanda vya mabati, mahema ya nailoni na maboksi yanayojengwa kwenye ardhi ya umma au ya mtu binafsi, sheria inayohusika ni ya ardhi zaidi kuliko ya jinai. Mwenye kiwanja anaweza kumshtaki anayeingia bila idhini. Lakini watu wakishafanya makazi, kuwaondoa kuna utaratibu.

Marekebisho ya mwaka 2016 yaliingiza katika Sheria ya Ardhi vifungu vya 152A hadi 152I. Kwa mujibu wa vifungu hivyo, wanaokalia ardhi isivyo halali wanapaswa kupewa notisi ya miezi mitatu kabla ya kufurushwa. Wanaofurusha wanatakiwa wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, na watekeleze kazi hiyo kwa namna inayoheshimu utu, uhai na mali ya watu. Ubomoaji wa alfajiri bila notisi, huku watu wakiwa wamelala, hauendi sambamba na masharti hayo.

Mwezi Januari 2021, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambao nyumba zao zilibomolewa mwaka 2011. Mahakama ilieleza kwamba watu waliokalia ardhi ya umma kwa muda mrefu bila hati hawawi wamiliki wake kwa sababu hiyo, lakini wana haki ya makazi inayolindwa na kifungu cha 43 cha Katiba. Hawawezi kuondolewa kama taka.

Ni kweli kwamba anayelala kibarazani usiku mmoja na kuondoka asubuhi hajajenga makazi. Vifungu vya ardhi havimsaidii sana. Kwake kinga iliyobaki ni ile ya heshima ya binadamu, pamoja na ukweli kwamba kulala nje kwenyewe hakuna kifungu kinachokutaja kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu.

Takwimu zinavyosema

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote. Nairobi iliongoza kwa watu 15,337, na Mombasa ikafuata kwa watu 7,529. Kaunti hizo mbili peke yake zilikuwa na karibu nusu ya wote.

Ukilinganisha na idadi ya watu, hali ya Mombasa inajitokeza wazi zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,208,333 katika kaunti hiyo, ambao ni kama asilimia 2.5 ya Wakenya wote. Lakini watu wake wa mitaani walikuwa takriban asilimia 16 ya waliohesabiwa nchini. Bandari, utalii na misikiti yenye desturi ya kutoa sadaka huwavuta watu kutoka mbali, na dawa za kulevya, hasa heroini, zimewatoa vijana wengi wa Mombasa katika nyumba za wazazi wao. Kwa hawa wa mwisho, kituo cha matibabu kwa dawa ya methadoni kilichoko Kisauni kina msaada ambao seli ya polisi haina.

Kisauni ina historia yake katika suala hili. Serikali ya Narc ilipoingia madarakani mwanzoni mwa mwaka 2003, Waziri wa Serikali za Mitaa alikuwa mbunge wa Kisauni, marehemu Emmanuel Karisa Maitha. Ni chini ya wizara yake ambapo Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani iliundwa mwaka huo, na mamia ya vijana wa mitaani wakapelekwa kupata mafunzo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Mpango huo ulikuwa tofauti na misako kwa jambo moja: ulianza na swali la mtu atapelekwa wapi, badala ya swali la atolewe wapi. Maitha alifariki mwaka 2004. Takwimu za 2018 zinaonyesha kwamba kazi ile haikumalizika.

Uamuzi wa mahakama za Afrika

Alfajiri ya siku moja mwezi Machi 2015, mchuuzi wa mifuko ya plastiki nchini Malawi, Mayeso Gwanda, alikamatwa akiwa njiani kwenda kuuza bidhaa zake katika soko la Limbe. Alishtakiwa kwa ulaghai na uzururaji. Mnamo Januari 10, 2017, Mahakama Kuu mjini Blantyre iliamua kwamba kifungu alichoshtakiwa nacho kilikiuka Katiba ya nchi hiyo. Wahenga walikwisha kusema kwamba maskini akiokota huambiwa ameiba. Mahakama hiyo ilikataa methali hiyo isiwe sheria.

Uamuzi mkubwa zaidi ulitoka Arusha. Mnamo Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Majaji walisema sheria hizo humwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake, huruhusu kukamatwa bila sababu ya msingi, na kuwatenganisha watoto na familia zao. Waliyataka mataifa yazifute au kuzirekebisha.

Maoni ya ushauri si hukumu inayomlazimisha mtu kulipa au kuachiliwa siku hiyo. Hata hivyo, mahakama za kitaifa huyazingatia. Miaka miwili baadaye, Desemba 2, 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sehemu za kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo zilizohusu watu wasio na njia ya riziki inayoonekana na wanaozurura.

Tanzania ilipita njia nyingine. Mwaka 1983 nchi hiyo ilitunga Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana mijini bila kazi walikusanywa na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa huko walikopelekwa hakukuwa na nyumba, zana wala chakula cha kusubiria mavuno. Aprili 2016, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliamuru ombaomba waondoke jijini. Ombaomba hawakuisha Dar es Salaam.

Hali katika mataifa mengine

Mabara mengine hayana jibu moja. Nchini India, Mahakama Kuu ya Delhi ilifuta mnamo Agosti 8, 2018, vifungu vilivyofanya kuomba kuwa kosa katika jiji hilo, ikisema kwamba watu huomba kwa sababu serikali imeshindwa kuwapa mahitaji ya lazima.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua Januari 19, 2021, kesi ya mwanamke wa jamii ya Waroma aliyetozwa faini ya faranga 500 kwa kuomba mjini Geneva, Uswisi, na kufungwa siku tano aliposhindwa kulipa. Mahakama ilisema adhabu hiyo ilivunja haki yake, kwani kuomba ndiyo njia aliyobakiwa nayo ya kujikimu.

Marekani imeelekea upande mwingine. Mnamo Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliuruhusu mji wa Grants Pass katika jimbo la Oregon kuwatoza faini na hata kuwafunga watu wanaopiga kambi katika bustani za umma, hata pale ambapo hawana mahali pengine pa kulala. Nayo Uingereza, mama wa sheria ya 1824, ilipitisha mwaka 2022 kifungu cha kuifuta, lakini utekelezaji wake ulicheleweshwa kwa miaka kadhaa.

Hoja za pande mbili

Haitakuwa haki kusema kwamba wanaolalamika dhidi ya ombaomba wana roho mbaya. Mwenye duka anayekuta kinyesi mlangoni kila asubuhi ana malalamiko halali. Mama anayeporwa mkoba na kijana teja hana wajibu wa kumhurumia kwanza. Wafanyakazi wa utalii wanajua kwamba mgeni anayeandamwa na watu kumi hupunguza siku zake za kukaa. Wapo pia walaghai wanaojifanya vipofu au kukodi watoto wachanga.

Lakini kila moja ya kero hizo tayari lina sheria yake. Wizi ni wizi, uchafuzi ni uchafuzi, na ulaghai wa kujipatia fedha kwa hila unaadhibiwa na vifungu vingine vya Kanuni ya Adhabu. Sheria inayomkamata mtu kwa kuwa maskini haiongezi kitu kwa hizo, ila inawachanganya wezi na wasio na hatia katika gari moja.

Dini nazo zimekuwa na msimamo wa pande mbili kwa muda mrefu. Uislamu unahimiza zaka na sadaka, na wakati huohuo unamsifu mwenye dhiki anayejizuia kuomba watu. Makanisa yana mafundisho yanayofanana na hayo. Kutoka hapo ndipo unapotokea ushauri wa wazee wengi wa Mombasa kwamba sadaka iende kwanza kwa jirani anayejulikana, kabla hajalazimika kuvuka daraja na kunyoosha mkono kwa wasiomjua.

Serikali ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi. Mpango huo unahitaji kitambulisho cha taifa na usajili katika mahali mtu anapoishi. Asiye na makao mara nyingi hana kitambulisho, na bila ya mzee wa mtaa au chifu wa kumtambua, hukwama. Anayehitaji zaidi ndiye aliye mbali zaidi na orodha.

Mtu akikamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kosa lake ni nini. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia, na ya kufikishwa mahakamani katika muda usiozidi saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, ambapo atafikishwa siku ya mahakama inayofuata.

Kifungu hicho kinasema pia kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kwanza chini ya kifungu cha 182, ambalo adhabu yake ya juu ni mwezi mmoja, limo ndani ya ulinzi huo. Wachache miongoni mwa wanaokamatwa hulijua jambo hili, na wachache zaidi huthubutu kulitamka.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kutoka Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA. Hakimu naye ana uwezo, chini ya Sheria ya Utumishi wa Jamii ya mwaka 1998, wa kuamuru mtu afanye kazi ya umma badala ya kufungwa.

Hatua hizi zinahitaji mtu wa kuzifuatilia. Mzee wa mtaa, imamu, kasisi au jirani wa Mtopanga anayefika kituoni asubuhi na kuuliza kwa adabu, "Bwana mkubwa, huyu ameshtakiwa kwa kifungu gani?", anaweza kumsaidia aliyekamatwa zaidi ya faini atakayochangiwa jioni. Swali hilo linahitaji jibu lililoandikwa katika sheria, na umaskini peke yake hauna kifungu.